Mji Mkongwe kwa fimbo nyeupe na kiti mwendo

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Shilingi 40,000 kwa kila mtu, saa tatu za kutembea, kahawa na kashata humo humo. Anayesukuma kiti analipa nusu. Hilo la msukumaji nitalirudia, kwa sababu wifi yangu hadi leo halijamshuka kooni.

Matembezi ni ya Mji Mkongwe, Unguja, na tangazo lao linasema ni ya "watu wenye ulemavu wote". Wanaoyaendesha ni vijana watatu, ndio kwanza wanaanza. Jina lao silitaji. Nina ya kuwasifu na nina ya kuwalaumu, na ya kuwalaumu nilishawaambia wenyewe uso kwa uso, wakanyamaza wakasikiliza, basi sina haja ya kuwaanika. Anayewataka aende Forodhani asubuhi aulizie vijana wenye ubao wa kupandishia kiti mwendo.

Mimi sioni tangu nina miaka sita. Surua. Nilisoma Buigiri, Dodoma, ndiko nilikojifunza nuktanundu, yale maandishi yetu ya kusoma kwa kidole, kisha nikafanya kazi ya opereta wa simu miaka 22 mpaka mitambo ilipobadilika tukarudishwa nyumbani. Kazi ile imeniachia tabia ya kusikiliza pumzi ya mtu kabla ya maneno yake. Wifi, mke wa kaka yangu, yuko kwenye kiti mwendo mwaka wa tisa sasa, tangu ajali ya basi. Msukumaji alikuwa mwanawe, kamaliza kidato cha sita, mabega anayo ila subira hana. Tulitoka Tanga hadi Dar, tukapanda boti.

Siku mbili kabla, kijana mmoja alinipigia simu. Hakuniuliza "tatizo lako nini". Aliuliza, "Bi mkubwa, ukitembea na mtu unapenda umshike wewe kiwiko, au yeye akushike?" Nikajua huyu kafundishwa, au kajifunza kwa kuumia. Asiyeona ndiye anayemshika mwenzake, juu kidogo ya kiwiko, akamfuata nusu hatua nyuma. Mwili wa aliye mbele unakupa habari ya ngazi kabla yeye hajafungua mdomo. Watu wengi wanatukamata mkono na kututanguliza kama mkokoteni. Kisha akaomba upana wa kiti cha wifi, tairi hadi tairi, kwa sentimita. Ikabidi twende kuazima tepu kwa fundi cherehani: 64. Akasema, "Inapita. Kuna kichochoro kimoja tutakikwepa." Na kweli tulikikwepa.

Tulianza Forodhani saa mbili asubuhi, jua bado halijakasirika. Bustani ile ilikarabatiwa mwaka 2009, njia zake pana, kiti kikateleza vizuri hata mpwa wangu akaanza kupiga mluzi. Tulikuwa sisi watatu, mama mmoja wa Pemba anayetembelea magongo, na kijana kiziwi kutoka Dar na dada yake.

Mbele ya Beit el Ajaib nikapewa kitu ambacho sijawahi kupewa na mtembezaji yeyote. Kwa kawaida ninaambiwa, "Hapa kuna jengo kubwa sana." Kubwa kama nini? Kama kanisa, kama meli? Huyu alimtuma mwenzake hadi kona ya mwisho ya jengo, akabaki na mimi kwenye kona ya mwanzo, kisha akapaza sauti: "Haya, piga!" Mluzi ukaja kutoka mbali, nikageuza shingo kuufuata. Basi, nimeliona. Akanieleza kuwa lilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, kwamba sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na akanigeuza mabega taratibu nielekee upande ulioanguka. Kisha akasimulia kuwa lilikuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti.

Wifi hakuiachia. "Lifti ilikuwapo enzi za masultani, halafu mimi leo nabebwa ngazi tatu za ofisi kama gunia la nazi?"

Kijana akacheka, kicheko cha kweli, hakusema pole. Kwa saa zote tatu sikusikia pole hata moja. Kwangu hiyo ni nyota nzima.

Kuingia vichochoroni mambo yakabadilika. Akaniambia nipeleke fimbo kushoto. Tak, jiwe. Nikapiga hatua, tak, jiwe bado lipo. Ni baraza. Nyumba kwa nyumba zimefuatana ukutani, kimo cha goti, na kumbe kazi yake si kukalia tu: masika maji yakijaa kichochoroni, watu walikuwa wakipita juu yake. Mimi nilizigeuza reli. Kwa mwenye fimbo nyeupe, ukuta wenye baraza unapita barabara nyingi za lami ninazozijua, ambako ukipoteza ukingo umeishia katikati ya bodaboda. Pale plasta ilipobanduka nilipitisha kiganja: jiwe la tumbawe, limejaa vitundu kama mkate wa kumimina. Akaniambia ninyooshe mikono ndani ya mlango wa nyumba moja ambayo mwenyewe alikuwa kamwomba ruhusa, nipime chumba kwa hatua. Chembamba. Dari linabebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwi ndefu kuliko mkoko wenyewe, kwa hiyo nyumba inaweza kuwa ya tajiri namna gani, chumba kitabaki na upana wa mti. Hilo sikuwahi kuambiwa na mtu, na nimelala kwenye nyumba za namna hiyo tangu utotoni.

Mpaka ukifika kwenye maduka. Mtaa wa Gizenga una khanga, vikapu, picha za Tingatinga, vyote vimetundikwa nje, na fimbo inasoma chini ya kiuno tu. Kinachoning'inia usawa wa uso haikijui. Nilipigwa na kikapu, nikapigwa na khanga, halafu na kitu cha mbao ambacho mwenye duka alisema ni twiga. Hapa ninawalaumu. Unapomleta asiyeona, pita njia ile jana yake, uwaombe wenye maduka wanyanyue bidhaa kwa dakika kumi, au zunguka kwingine. Kijana alikuwa anaweka kiganja chake mbele ya paji langu, lakini ana mkono mmoja tu wa akiba na mtaa una mamia ya twiga.

Papasi mmoja, wale wa kuwafuata watalii mitaani, naye akamganda wifi, anamuuzia safari ya kwenda kuona pomboo Kizimkazi. Wifi akamuuliza, "Boti yako ina ngazi ngapi?" Hatukumsikia tena.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Walitupeleka kwa fundi wa milango. Karakana ndogo, harufu ya msaji uliochongwa asubuhi ile ile, vumbi lake linawasha puani. Fundi, mzee wa sauti nzito, hakusubiri kuombwa. "Gusa, bibi. Mlango usioguswa si mlango." Akanishika vidole viwili akaviweka chini kabisa ya mwimo. Magamba. Samaki. Juu yake mawimbi, yanapanda yanarudi, yanapanda yanarudi. Ukingoni mnyororo, pete kwa pete, nikazihesabu mpaka nikachoka. Katikati maua ya yungiyungi. Nikapanda, nikapanda, halafu ghafla ubao ukawa laini.

"Hapa hamna kitu," nikasema.

"Hapo nimechora kwa penseli, bado sijachonga."

Tukacheka sote, lakini jambo hilo limenikaa. Wenye macho mle ndani walikuwa wanauona mlango mzima. Mimi nilikuwa na robo tatu yake, na nilijua kwa kidole fundi aliachia wapi jana jioni. Kisha akanipa zile nundu za shaba zenye ncha, baridi na nzito, za kupigiliwa kwenye mabawa ya mlango. Mwongozaji akaeleza kuwa desturi hiyo ilitoka India, huko zilikuwa za kuzuia tembo wasisukume mlango kwa kichwa. Unguja tembo hawakuwapo, ikabaki kuwa fahari ya mwenye nyumba.

Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa kwenye jumba moja la makumbusho, huku bara, mji siutaji. Nilifurahi kusikia wameweka maandishi ya nuktanundu. Nikapelekwa kwenye kibao cha kwanza. Nikasoma, sikuelewa. Nikarudia. Lugha gani hii? Herufi pekee iliyokaa kama herufi ilikuwa T, na mahali fulani R iliyosimama kama imepotea njia. Ilinichukua dakika nzima: kibao kimefungwa kichwa chini miguu juu. T ya nuktanundu hata ukiipindua inabaki T, na W ukiipindua inageuka R. Nikakisoma kutoka mwisho, kinyumenyume, nikapata "mtungi wa maji". Na mtungi wenyewe? Ndani ya kioo. Nikamuuliza mhudumu kama wana hata wa mfano, wa kufinyangwa jana, nipitishe mkono. Akamgeukia niliyefuatana naye akasema, "Mwambie hapa ni makumbusho, si mahali pa kushikashika." Mwambie! Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 yake ni habari ya utamaduni, imetaja makumbusho kwa jina. Sikumwambia. Nilikwenda kukaa kwenye benchi nikanywa soda.

Ndiyo maana nasema vijana hawa, na ubao wao na fundi wao, wamenipa kile ambacho vioo vile vyote havikunipa. Mtungi mpya wa sokoni bei yake haifiki hata ya tiketi za familia moja.

Lakini wifi alikuwa nje. Hapo ndipo penye kasoro kubwa, na inahusu ubao. Wana ubao wa kubeba, vipande viwili vimeunganishwa kwa bawaba, juu wamepigilia mpira wa tairi ili gurudumu lisiteleze. Kazi safi. Urefu wake mita moja. Kizingiti cha karakana nilikipima kwa mkono, ni kama sentimita 20. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi duniani ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita ya kupanda inataka sentimita 12 za mteremko. Piga hesabu, unahitaji mita 2.4. Na kichochoro chenyewe hakina upana huo! Ubao wa kutosha ungegonga ukuta wa jirani. Wakajaribu na ule mfupi, mpwa wangu anavuta kwa nyuma, wawili wanasukuma kwa mbele, kiti kikainuka magurudumu ya mbele, wifi akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika Darajani. "Niteremsheni! Mnanipindua!"

Wakamteremsha. Pakawa kimya kibaya. Nikasikia pumzi ya mwongozaji, fupifupi, ya mtu anayetafuta la kusema. Ni fundi aliyetuokoa. Akamwita mwanafunzi wake, wakanyanyua bawa la mlango, wakaja nalo nje, wakalilaza juu ya baraza mbele ya magoti ya wifi. "Haya mama, ukishindwa kuingia mlangoni, mlango utakufuata." Wifi akalishika karibu robo saa, akauliza maswali ambayo mimi sikuyafikiria, la bei mojawapo. Jibu lake lilimnyamazisha.

Kwa nini haikupangwa hivyo tangu mwanzo? Vizingiti vile vimekaa pale vizazi na vizazi, na mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, hakuna atakayekuja na msumeno kuvikata. Basi jueni mapema ni mlango upi una kizingiti cha chini, na kwingine toeni kitu nje. Baraza ipo, meza ya bure.

Kahawa tulinywea Jaws Corner. Vikombe vidogo, chungu kama ukweli, kashata pembeni. Wazee wanapiga dhumna, kila kete inashushwa mezani kama hukumu. Mmoja akanisogezea bao. Nikahesabu mashimo kwa kidole: manane, safu nne, 32, na kete zake 64. Shimo la nyumba lina umbo la mraba, huwezi kulikosa hata gizani, na gizani ndiko ninakoishi mimi. Bao ni mchezo usiodai macho. Nilimfunga mzee mmoja mara moja, mara ya pili akaacha kunionea huruma akanifunga vibaya. Nilifurahi zaidi na hiyo ya pili.

Mwisho Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huo huo. Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998, watu watano ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni. Nilidhani nitaelezewa kwa maneno tu. Kijana akasimama, akashusha begi lake, kitu kikalia ndani.

"Bi mkubwa, nina mnyororo hapa. Si wa kale, nimeununua kwa wauza vyuma chakavu. Lakini uzito ni uzito. Ungependa kuushika?"

Nikaushika. Una kutu, unaacha unga vidoleni. Akauliza kama anaweza kuniwekea mabegani. Nikakubali. Akasema, "Sasa inua uso." Nikainua, na nikajua kwa nini, aliposema wale watano wameinamisha vichwa, sikuhitaji kuuliza wameinamisha kiasi gani. Akaniacha hivyo bila neno, akauondoa nilipomgusa mkono. Namsifu pia kwa kuwa hakunidanganya kuwa ni wa zamani. Wengine wangesema, na mimi ningejuaje?

Yule kijana kiziwi ndiye aliyepata kidogo kuliko sote, na hapo neno "wote" la kwenye tangazo linawasuta. Hawana mkalimani wa lugha ya alama. Dada yake ndiye aliyefanya kazi hiyo, bila malipo, huku akikwepa baiskeli na vespa. Mwongozaji anaongea akiwa anatembea mbele, mgongo kwao. Dada akaniambia baadaye jambo ambalo mimi, miaka yote hii ya kusikiliza, sikuwahi kuliwaza: kiziwi hawezi kutazama mikono ya mkalimani na kutazama mlango kwa wakati mmoja. Inabidi kwanza aelezwe, kisha aachiwe nafasi atazame. Wao walikuwa wanaeleza na kuonyesha pamoja, halafu twende. Kwa hiyo kila mara alichagua kimoja. Andikeni "wasioona na wenye viti mwendo" mpaka mpate mkalimani, itakuwa haki.

Na msukumaji. Nikamwambia kijana: mpwa wangu hakuja kutalii, amekuja kuwa miguu ya mama yake. Kumtoza nusu ni kumtoza wifi nauli moja na nusu kwa matembezi yale yale. Akasema watalifikiria. Nilisikia pumzi yake, nadhani watalifikiria kweli.

Mimi nawapa nyota nne kati ya tano. Wifi anawapa tatu, na ya tatu anasema ni ya fundi, si yao. Nimeandika haya kwa simu inayosoma Kiswahili kama mmishonari wa juzi, yeye kakaa pembeni anasahihisha. Amefika hapa akauliza, "Na choo?"

Nikamwambia nimesahau.

"Umesahau kwa sababu wewe ulikwenda."

Basi niandike kama anavyonitajia. Kwenye njia yote ile hakuna choo kilichopangwa ambacho kiti mwendo kinaingia. Yeye alijua itakuwa hivyo, kwa hiyo hakunywa maji tangu usiku wa jana yake, na Jaws Corner kikombe chake cha kahawa alikishika tu, akampa mwanawe. Wote tulidhani haipendi.